Marahaba, Mwalimu

Mwaka niliporudia mtihani wa kidato cha sita kwa mara ya pili, niliacha kuamini watu. Nilitaka kusoma sheria chuo kikuu, na Kiingereza kilikuwa kimenigomea. Kisha nikasikia kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hupewa namba inayoanza na herufi P, si S kama wanafunzi wa shule. Basi, nikasema, siri imeshatoka. Kila atakayeshika cheti changu atajua huyu ni wa kurudiarudia.

Nilimfuata wakili mmoja mjini Tabora, mtu wa kanisani kwetu. Akasema chuo hutazama alama, hakina habari na mara ulizoingia chumba cha mtihani. Ningetulia, ila akatabasamu na kuniuliza, "Kwani wewe umerudia mara ngapi?" Nikatoka nimenuna. Kama hazihesabiwi, ya nini kuuliza?

Nyumbani Ntalikwa ndiko kulikoniudhi zaidi. Kila asubuhi nilipita na baiskeli kwenda kituo cha masomo mjini, vitabu nimevifunga nyuma, na mama jirani alikuwa shambani kwake kando ya njia. Nikimwamkia, ananyoosha mgongo na kuitikia, "Marahaba, mwalimu." Mwalimu, mimi niliyefeli mara mbili. Nikajua ananikebehi. Nikabadilisha njia, nikawa nazungukia kwenye mchanga ambako baiskeli unaisukuma zaidi kuliko kuipanda.

Safari ile nilifaulu, na chuo kikanichukua kusoma sheria licha ya ile P yangu. Hata hapo sikufurahi upesi. Nilikaa nikingoja waseme wamekosea.

Jioni moja kabla sijaondoka, mama jirani alikuja kuniaga na kuku mkononi, amejaa huzuni.

"Mwalimu, unatuachia nani? Mwanangu yuko kidato cha tano. Nilitaka nimlete kwako pale kituoni umfundishe."

Hakuwa na mzaha hata kidogo. Nikamgeukia mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage. Akauinamia ungo kama mtu aliyeona jiwe.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza mama ni nani aliyewaambia majirani kwamba nafundisha. Alichambua kwanza, kisha akajibu bila kuinua macho.

"Waliniuliza unakwenda wapi kila siku. Nikaona aibu."

Watu wote wale niliwashuku. Yeye tu sikuwahi kumshuku.