Mtumbwi Uliokufa Kiu

Safari hii niliianza kwa sababu ya mguu. Eedo Habiba, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alichomwa na mwiba, kidonda kikaoza. Anaishi mbele ya kambi ya Ifo, ng'ambo ya laga, mto wa msimu ambao kiangazi huwa mchanga mtupu, na mvua iliyonyesha mbali huko juu ilikuwa imeijaza laga hiyo pomoni, gari lisiweze kuvuka. Mwanawe Dahir, aliyevuka kwa kuogelea, alinijia ofisini Garissa machozi yakimlengalenga: mguu umeanza kunuka. Tukaona dawa ni moja tu, kuchukua mtumbwi Mto Tana, kuupeleka nchi kavu kwa lori hadi kwenye laga, tumvushe kwa kamba na kumleta hospitali.

Asubuhi, ukingoni mwa Tana. Komora, Mpokomo mwenye mitumbwi ya gogo, alitukopesha mmoja bila kusita. Mwenyewe hakuweza kuja, alikuwa akivusha wakulima waliozingirwa na mafuriko. Alitupa magunia na jerikeni sita za maji.

"Mti huu haujazoea jua," alisema. "Ufunikeni kwa magunia, na kila mnapopumzika umwagieni maji. Msione huruma."

Dahir akacheka. "Wallahi, kwani hii mtumbwi ni ngamia? Hata ngamia nakaa siku mingi bila kunywa."

"Ngamia wako hapasuki," Komora akamjibu.

Mchana, barabara ya Dadaab. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Tuliposimama mara ya kwanza nilipanda juu ya lori, nikafungua jerikeni, nikaiinamisha, mkono ukagoma. Mimi nimekulia kwenye visima vya Tarbaj. Huko eedo huyu huyu alinichapa siku niliyomwaga kikombe kimoja cha maji, na hadi leo nikiona bomba linavuja moyo unaniuma. Nikanyunyiza magunia kwa vidole tu.

"Wacha," Dahir akasema. "Hiyo ni maji ya watu."

Nikafunga kifuniko, nikajiambia nitamwaga kituo kijacho. Kila kituo nilijiambia hivyo.

Siku ya pili, mbele ya Ifo. Lori lilizama mchangani. Wanaume wanane wa kambini walikubali kutusaidia. Tukaufunga mtumbwi kwenye miti, tukaubeba mabegani, jerikeni zikafuata kwa punda. Mchungaji mmoja alitupigia kelele njiani, "Warya, nabeleka mashua wabi? Bahari iko huko nyuma!" Tulicheka sana. Baadaye nilisikia mlio mkavu begani, kama wa ukuni unaoshika moto. Nikadhani ni miti ya kubebea.

Alasiri, lagani. Ng'ambo majirani walikuwa wamemleta eedo juu ya kitanda, naye akanipungia mkono. Mwogeleaji mmoja akavusha kamba. Tukaushusha mtumbwi, wa ng'ambo wakaanza kuuvuta. Haukufika hata katikati. Maji yalipenya kwenye ufa ulioanzia kichwani hadi tumboni, ikabidi tuurudishe mbio kabla haujazama. Tulishindilia matambara, tukajaribu tena, haukukubali. Nyuma yangu punda alikuwa amesimama na jerikeni zake sita zimejaa, mbele yangu laga nzima inapita. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ng'ambo wakakiinua kitanda, wakarudi naye nyumbani.

Maji yalishuka baada ya siku tano. Hospitalini daktari alisema tumechelewa. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Kurudi, ukingoni mwa Tana. Komora alipitisha kidole kwenye ufa, pole pole, mwanzo hadi mwisho.

"Maji yaliwaishia njiani?"

"Hayakuisha," nikasema.

Akainama, akakunja magunia yake. Laiti angenitukana.

Nilidhani nayaheshimu maji. Kumbe nilikuwa nayaheshimu mazoea yangu, na aliyejua mti ule aliniambia waziwazi nisione huruma. Majuto ni mjukuu, wanasema, wangu nimeshampakata.

Eedo sasa anakaa kwangu, na hajawahi kunilaumu. Kila alfajiri nampelekea birika la kutawadha. "Usijaze sana," huniambia, "yatamwagika."

Namjazia hadi juu, ingawa siku hizi mguu wa kuosha ni mmoja.