Fundi wa Foki wa Msamala

Msamala nzima, pale Songea, ilijua kwamba Kajetani Mapunda ni fundi. Waliojua kwamba ni mwoga walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Yasinta. Na uoga wake haukuwa wa nyoka wala wa wezi. Aliogopa kuachishwa kazi mara ya pili.

Mara ya kwanza ilimkuta mwaka tisini na tatu, alipokuwa fundi wa breki katika karakana ya malori ya umma. Siku hiyo waliitwa uwanjani, wakasomewa majina, na kila aliyesomwa akaambiwa amepunguzwa. Hebu fikiria! Miaka kumi na miwili unalala chini ya malori, matone ya oili yanakuingia masikioni, halafu mtu mwenye tai anakosea jina lako na kukufukuza kwa pumzi hiyo hiyo. Kajetani alirudi nyumbani na spana tatu, akaanza kuziba pancha kwenye baraza la duka. Kila akipita mtu amebeba spana alimkodolea macho, akidhani naye anakuja kumnyang'anya.

Mwaka tisini na sita ukaingia mradi wa chanjo, na mradi ukaja na baiskeli kumi na nne ambazo Songea haikuwa imezoea. Zilikuwa na tairi nene na gia nyingi, na foki ya mbele ilikuwa na shokapu kama ya pikipiki, ukishuka bonde inazama na kuinuka. Wauguzi walizipenda kuliko viatu vyao. Miezi minne haikuisha, vumbi likala sili, yaani vile vipira vya duara vinavyozuia mafuta yasitoke kwenye shokapu. Foki zikaanza kuvuja. Mratibu wa mradi, Bwana Pankrasi, mtu wa kuja kutoka Moshi, alitafuta sili mpya mpaka Mbeya, hakupata hata ya dawa.

Ndipo akamfuata Kajetani. Jamaa akaifungua foki moja, akaichungulia, akacheka. Kumbe ni breki ya lori iliyosimamishwa wima! Akakata sili kwenye tyubu kuukuu ya lori, akaiketisha kwa kipande cha bomba, akajaza oili. Baada ya wiki mbili foki ikarudi imekakamaa, haishuki wala haipandi. Ile oili ilikuwa imeuvimbisha mpira. Alikaa nayo siku tatu, mpaka akakumbuka jambo la karakanani, kwamba mpira wa aina ile hauelewani na oili ya injini. Akatafuta mafuta ya nyonyo kwa kina mama wa Namtumbo, akayachuja kwa kitambaa, akajaza. Foki ikatulia. Miezi ikapita haijatoa hata tone.

Siri yote ndiyo hiyo. Tyubu ya lori na mafuta ya nyonyo, basi. Mtu yeyote mwenye macho angejifunza kwa asubuhi moja.

Na mwenye macho alikuwepo. Fundi Beda, wa baraza la pili, alianza kujipitisha pitisha, mara kuazima pampu, mara kuomba kiberiti naye havuti sigara. Kajetani akaikumbuka siku ya kusomewa majina. Akatundika khanga ya Yasinta mbele ya meza yake. Beda alipouliza khanga ya nini, Kajetani akajibu, uso mkavu:

"Beda ndugu yangu, hizi foki nazifunga kwa maneno ya babu. Mkono mwingine ukizigusa, anayepanda ataanguka. Mimi sitaki lawama."

"We, usinitanie!"

"Haya, jaribu basi."

Beda hakujaribu. Nani angejaribu? Tangu siku ile Kajetani alitema mate kidogo juu ya kila foki na kunong'ona nyuma ya khanga. Alichokuwa akinong'ona ni majina ya malori ya zamani, lakini huko nje walisikia mengine. Habari ikafika Mjimwema, ikafika sokoni, ikafika hata ofisini kwa Bwana Pankrasi, aliyesoma mpaka chuo kikuu. Yeye alisema hayo ni mambo ya ujinga, halafu akawakataza wauguzi wasipeleke foki kwa fundi mwingine. Kajetani alilala usingizi mnono kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe.

Yasinta peke yake hakufurahi. "Baba Recho," alimwambia, "uongo huu utakuja kukutafuna." Yeye akamcheka.

Mwezi wa tano, mwaka tisini na saba, mjomba wa Yasinta alifariki kule Nalasi, Tunduru, akamwachia mikorosho. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita vijijini, na mkorosho usio na mwenyewe karibu haukosi mwenyewe mwingine. Yasinta akatangulia na binti yao Recho. Walikubaliana kwamba Kajetani amalize foki zilizokuwa mezani, afuate. Akamaliza tatu, zikaja nne. Kila alipokunja nguo, Bwana Pankrasi alikuwa mlangoni: "Fundi, watoto wa watu watakosa chanjo kwa ajili yako?" Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi saba.

Desemba ilipoingia, mvua za Elinino zilikuwa zimekwisha kuanza kutafuna barabara. Yasinta akatuma neno kwa mfanyabiashara wa korosho, naye akalifikisha kama alivyopewa: "Mwambie njoo na basi la mwisho kabla barabara haijafunga. Usipokuja, nitajua nilishaachika siku nyingi, nami nitafanya yangu." Kajetani aliomba arudiwe maneno hayo mara mbili. Alimfahamu mkewe. Yasinta hakuwa na tabia ya kutishia.

Siku hiyo hiyo akaenda baraza la pili.

"Beda, njoo nikufundishe foki. Zote zako. Mimi naondoka."

Beda akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi nina watoto, Kajetani."

"Ulikuwa uongo, ndugu yangu! Niliogopa utanipora kazi!"

"Ndivyo mnavyosema mkitaka kumtwika mtu mzigo wenu." Beda akaendelea kukaza spoku.

Kajetani akafunua khanga. Kwa mara ya kwanza akafanya kazi ile hadharani, watu wamejaa barazani kama wako msibani. Akachomoa miguu ya foki, akatoa sili mbovu kwa mpini wa kijiko ili isikwaruze bomba. Akakata mpya, akainua tyubu juu waione, akawapitishia chupa wainuse. "Mafuta ya nyonyo! Ya nyonyo tu, jamani! Mama zenu wanayapaka nywele!" Alikuwa anatoka jasho. Akafunga foki, akaibonyeza, ikazama na kuinuka vizuri kabisa.

"Leo hajatema mate," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika.

Muuguzi Odilia, binti jasiri asiyependa upuuzi, akasema yeye ataipanda. Akaipanda. Akiteremka Mjimwema, mbuzi akakatiza barabara, Odilia akamkwepa, akaingia mtaroni na kuvunjika mfupa wa bega la kulia. Foki ilikuwa nzima. Kajetani aliikagua mwenyewe, haikuwa imevuja wala kukwama. Lakini nani aliuliza habari za foki? Mchana huo Songea ilikuwa na neno moja tu: kaifungua mwenyewe, imeangusha.

Basi la mwisho la Tunduru lilikuwa linaondoka asubuhi ya pili yake. Kajetani alifika stendi mapema, begi mkononi. Watu wakampisha njia, na njia ile haikuwa ya heshima. Konda, mtu wa miraba minne aliyeitwa Fransisko, akasimama mlangoni.

"Wewe hapana, mzee."

"Nina tiketi."

"Tiketi nitakurudishia. Nina abiria hamsini, na njia yote tope na madaraja ya magogo. Siwezi kupakia mtu wa dawa. Tena umemvunja binti wa watu jana, leo unakimbia?"

"Sikimbii! Namfuata mke wangu!" Sauti ya Kajetani ilipasuka. "Sina dawa yoyote. Niliwadanganya. Mimi ni mwongo tu, Wallahi, kwa jina la Mungu, kwa jina la Bikira Maria!" Aliapa viapo vya dini zote mbili, na abiria wakazidi kutazamana.

Hapo akatokea Odilia, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, amekuja kwa miguu kutoka hospitali.

"Mwacheni kaka aende," akasema. "Nilimkwepa mbuzi."

"Mbuzi wa nani?" Fransisko akauliza.

"Nitajuaje? Mbuzi tu."

"Umemwona tena baadaye?"

"Alikimbia."

Basi zima likaguna. Mbuzi hana mwenyewe, halafu hakuonekana tena! "Maskini, hata ulimi wake kaukamata," akasema mzee mmoja dirishani, na kweli alikuwa anamhurumia. Odilia akafoka, akawaita wajinga, akataka kulia kwa hasira. Kadiri alivyomtetea Kajetani, ndivyo walivyozidi kusadiki.

Bwana Pankrasi naye alikuwa amefika, anahema. Akamwekea Kajetani mkono begani, akasema kwa moyo wake wote, "Mungu ametusaidia, fundi. Nilidhani nimekukosa."

Dereva akawasha gari. Kajetani akatoa mfukoni bahasha ya barua, anwani ya Yasinta imekwisha kuandikwa, kwa tahadhari tu kama angekwama njiani. Akampa konda. Fransisko akaficha mikono yake nyuma.

"Kitu cha mkono wako sishiki."

"Basi andika wewe, dada," Kajetani akamwambia Odilia. "Andika kwa mkono wako."

Odilia akaomba kalamu na kipande cha karatasi kwa abiria, akakiweka juu ya bodi ya basi. Mkono wake mzima ulikuwa wa kushoto, usiojua kuandika. Dereva akapiga honi. "Sema maneno machache, kaka. Niandike nini?"

Kajetani alitaka aandike habari ya mvua, ya mbuzi, ya konda. Alitaka aandike kwamba alikata tiketi. Honi ikalia tena.

"Mwandikie asinisubiri," akasema.

Odilia akamtazama aone kama kweli amesema hivyo. Kisha akaliandika neno hilo, herufi moja moja, zimepinda, akampa konda, naye akalipokea.