Mfuko Ndani ya Shimizi

Juzi, nikijiandaa kwa safari yangu ya kwanza ya Ulaya, mwenzangu kazini alinishauri nishone mfuko wa pasipoti ndani ya nguo, kwa sababu ya wezi. Sindano ikanirudisha chumbani kwetu Bur Dubai, mchana wa joto, harufu ya vitunguu vya jirani ikipita chini ya mlango.

Mama alikuwa akishona mfuko kama huo ndani ya shimizi la mdogo wake, Saida, ambaye kesho yake angefuatana na madam wake Ulaya kumlelea watoto.

"Uwanja wa ndege lazima madam akupe pasipoti uioneshe mwenyewe," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Ikishagongwa muhuri, ichomeke humu. Akiuliza, sema umeshamrudishia."

"Na siku ya kutoka, dada?"

"Toka na taka tu, kama unakwenda kuzitupa. Usibebe begi."

Mimi niliamini Ulaya kumejaa vibaka. Nikamwomba Mama Mdogo aniletee chokoleti. Honi ya gari la madam ikalia chini, Mama akakata uzi. Sasa najua kwamba aliyekuwa akifichwa pasipoti ni madam mwenyewe.

Miezi baadaye, majira ya joto yalipokwisha, madam alirudi kutoka Ulaya na watoto wake. Dereva wake akatuletea begi la Mama Mdogo.

"Mwenyewe yuko wapi?" Mama aliuliza.

"Khalas, mama, imekwisha," dereva alijibu, akashuka ngazi.

Ndani ya begi, shimizi lilikuwa limekunjwa vizuri. Mfuko ulikuwa umefumuliwa, uzi mmoja mmoja, bila kitambaa kuchanika popote. Aliyeufumua hakuwa na haraka ya mtu anayetoroka.