Gari Lililovuta Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, nami nilikuwa nimeteremka kutoka Wusi na shati moja la kubadili na barua ya mwalimu wangu. Karakana ilikuwa Voi, karibu na reli. Fundi Mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa asili ya Pwani, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi watu wa milimani tuone haya kufungua midomo. Aliisoma barua, akaikunja, akanipa fagio na ndoo ya maji.

"Fagia sakafu yote, mwanangu," alisema. "Kisha mwaga maji, uje uniambie yanaelekea wapi."

Nikafagia, nikamwaga. Maji yakakimbilia pembe ya mlango wa nyuma.

"Basi umeshajua," alisema nilipomweleza. "Ukipima gari hapa bila kujua sakafu imelala upande gani, utakuwa umepima sakafu."

Nyinyi vijana mmezoea mashine za kupima magurudumu. Sisi tulikuwa na uzi, rula na timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Kwa uzi tulijua kama magurudumu ya mbele yanatazama mbele sawasawa. Kwa timazi tulijua kama gurudumu limesimama wima au limeinama. Haya ni mambo mawili tofauti. Gurudumu linaweza kutazama mbele vizuri kabisa huku limeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mzee Athumani aliyarudia hayo mara nyingi hadi nikadhani nimeyaelewa.

Baada ya miaka sita nilipata kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate, nikiwa fundi kiongozi wa magari. Juu yangu alikuwa Meneja wa Karakana, mtu mkimya aliyependa kila kitu kiandikwe kwenye kadi. Kati ya magari niliyoyatunza lilikuwamo stesheni wagoni la zahanati ya shamba, lililopeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha kwao. Dereva wake aliitwa Mwaluma, mzaliwa wa Rukanga. Alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, na hakuwa amewahi kukwaruza gari la mtu.

Siku moja Mwaluma alirudi kutoka upande wa Kasigau akiwa amegonga jiwe kwa gurudumu la mbele la kushoto. Nilikuta tairodi imepinda, ile fimbo inayogeuza gurudumu dereva akikata usukani. Nikafunga nyingine, nikavuta uzi, nikanyoosha. Timazi ilikuwa imening'inia ukutani hatua tatu kutoka niliposimama. Sikuichukua. Nililiendesha gari tupu kwenye barabara tambarare, likaenda sawa, nikaandika kwenye kadi: "Gari liko sawa." Nikatia sahihi.

Wiki ile ile Mwaluma alinifuata.

"Fundi, hili gari likibeba watu linanivuta kushoto."

"Mzee, barabara zetu zote zimelalia kushoto," nilimjibu. "Linafuata barabara."

Alirudi tena baada ya siku chache. Nikamwambia aongeze upepo kwenye tairi. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, wewe ndiye fundi," akaenda zake.

Wiki ya tatu alikuwa akiteremka kutoka Wusi asubuhi. Kiti cha mbele alikaa muuguzi wa zahanati, Wakesho, na nyuma mama mmoja na mtoto wake mchanga. Kwenye kona moja kali gari lilivuta kushoto, gurudumu likaingia mtaroni, gari likalala ubavu kwenye ukingo wa mlima. Upande wa pili wa barabara ile ni bonde. Mama na mtoto walitoka salama, ila Wakesho alivunjika mkono karibu na kiganja.

Meneja aliamua kwamba dereva alisinzia. Mwaluma alikana mara moja tu. Wakamnyang'anya funguo, wakampeleka kuanika mkonge kwenye kamba pamoja na vibarua wapya.

Gari lilipovutwa hadi karakana, mtu wa stoo aliniuliza kama atupe tairi ya mbele ya kushoto, kwa maana ilikuwa imechanika. Niliigeuza nitazame. Ukingo wa nje ulikuwa umelika kama umenyolewa kwa kisu, na ukingo wa ndani bado ulikuwa na meno yake yote. Ajali haimalizi tairi hivyo. Tairi hulika hivyo kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, gurudumu likiwa limeinama kwa nje. Na gurudumu la mbele likiinama nje kuliko mwenzake, gari huvutwa upande huo, hasa likiwa na mzigo kwenye kona.

"Niitupe?" aliuliza tena.

"Iache," nikasema.

Sitawaficha: nilikaa na tairi ile siku mbili bila kumwambia mtu. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na hakuna mwingine pale aliyejua kuisoma. Siku ya tatu nilikwenda kwenye kamba za mkonge. Mwaluma alikuwa akitandaza nyuzi, mikono ikimwasha hadi viwikoni.

"Mzee, lile gari lilikuwa linavuta kweli," nikamwambia. "Kosa ni langu."

Hakugeuka. "Mimi nilishakwambia mara mbili," alisema. "Kamwambie aliyenileta hapa."

Nikaibeba tairi begani hadi ofisini, nikaiweka mbele ya Meneja, nikamwonyesha ukingo ulivyolika.

"Kadi ilitiwa sahihi na nani?" aliuliza.

"Na mimi, bwana."

"Ulipima kila kitu?"

"Sikupima mwinamo. Na dereva alinijia mara mbili."

Alipitisha kidole kwenye ukingo uliolika, akasema, "Mwaluma atarudishiwa funguo leo. Wewe si fundi kiongozi tena. Na gari lile utalitengeneza wewe mwenyewe."

Nilipolipima vizuri niliona ugonjwa wake. Gurudumu la mbele la gari lile lilishikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Jiwe la Kasigau lilikuwa limesukuma ndani kishikio cha mkono wa chini kwenye chesi, yaani fremu ya gari, kiasi cha upana wa ukucha wa kidole gumba. Chini kumeingia, juu kumebaki, basi gurudumu limeinama nje. Mkono mpya wa kawaida usingesaidia, kwa maana urefu wake ni ule ule, na mashine ya kunyoosha chesi hatukuwa nayo.

Nikapanda basi hadi Voi kumwona Mzee Athumani. Alikuwa ameacha kazi, macho yakimsumbua. Nilimweleza yote, pamoja na ile timazi niliyoiacha ukutani. Hakunigombeza.

"Ipo mikono ya kurekebisha," alisema. "Mafundi wa Mombasa huwafungia watu wa magari ya mashindano. Ina hesi, meno ya mzunguko kama ya parafujo; ukiizungusha hurefuka au hufupika. Lakini kwanza itazame chesi, mwanangu. Ikiwa na ufa, usifunge kitu. Mkono ule huweka sawa mwinamo, ufa hauuzibi."

Chesi ilikuwa imepinda, haikuwa na ufa. Meneja akaagiza mikono miwili ya juu, ikaja kwa treni ndani ya sanduku la mbao. Kabla ya kuifunga niliipima na ile ya zamani, nikaiweka urefu sawa, ili nianzie mahali ninapopajua. Kisha nikafupisha wa kushoto nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, nikishusha gari kila mara, nikilisukuma mbele na nyuma likae vizuri, ndipo nishushe timazi. Nilihakikisha hesi ya kutosha imebaki ndani, maana mkono ulioshikwa na meno mawili matatu huchomoka. Bushi, zile raba za kwenye ncha, sikuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba hujisokota gari likishuka, na baada ya muda huchanika. Nilipomaliza mwinamo nikakaza nati za kufungia, kisha nikarudi kwenye uzi, kwa sababu ukigusa mwinamo umegusa na mwelekeo. Mwisho nikapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wanne, nikapima yote upya. Kazi ile ilinichukua siku tatu.

Mwaluma alikuja, akalizunguka gari, akainama kutazama magurudumu ya mbele.

"Nitaliendesha," alisema mwishowe. "Lakini wewe utakaa pale alipokaa Wakesho."

Tukapanda hadi Wusi na magunia yetu, tukageuza. Kuteremka nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Tulipofika kona ile hakupunguza zaidi ya kawaida. Tulipotoka kwenye kona alilegeza vidole kwenye usukani, na gari likaendelea kufuata njia yake. Tukateremka hadi Mwatate. Pale alizima injini, akasema, "Sasa liko sawa," akashuka.

Wakesho alirudi kazini baada ya miezi michache. Kiganja chake hakikugeuka tena kama zamani. Aliniamkia vizuri kila siku, na kila siku nilikitazama kiganja kile.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya kampuni ile ile huko Taveta, nikapewa tena cheo, nikafundisha mafundi wengi, wengine watoto wa wakulima wa Njukini ambao leo wana gereji zao. Niliwaambia: dereva akikujia mara ya pili, acha unachofanya, uingie naye garini na mzigo wake.

Nilipostaafu, miaka ya tisini ikielekea mwisho, walinifanyia chai pale Mwatate. Watu walisema mengi mazuri. Mwaluma, ambaye alikuwa amestaafu kabla yangu, alikuja kutoka Rukanga akiwa na mkongojo. Mshereheshaji akamwomba aseme neno. Alisimama polepole.

"Huyu mtu alinitoa kwenye gari nikiwa sina kosa," alisema. "Na ni yeye aliyebeba tairi begani akanirudisha. Mimi nayajua yote mawili." Akaketi.

Watu wakapiga makofi, ingawa wengi hawakujua anasema nini. Mimi nilijua. Jioni ile nikipanda kwa gari kwenda nyumbani Wusi nilijikuta nikitamani angalisema lile la pili tu. Tulipoipita ile kona ya ajali nilikuwa nimeshabadili mawazo: bila la kwanza, la pili lingekuwa nusu ya ukweli.