Sumaku Ipite Mara Moja

Walimwita Sumaku, tena kwa mapenzi, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alikuwa fundi wa nguo za vichanga katika karakana yenye sheria isiyo na mjadala: sindano ikivunjika, fundi hapewi nyingine mpaka vipande vyote vipatikane, kisha nguo ipitishiwe sumaku. Sheria njema. Siku moja sindano yake ilivunjika, ncha ikapotea, ikaja kuonekana chini ya cherehani. Wenzake wakaendelea na kazi. Yeye akabaki palepale. Kila kola aliyoishona ilimwonyesha mtoto analia, amechomwa shingoni. Akapitisha sumaku, akapapasa, akafumua, akashona upya, akarudia sumaku, hata vidole vikachubuka.

Mwenye karakana aliona neema. "Mwigeni Sumaku! Hajarudishiwa hata soksi!" Na jioni akamwacha aendelee peke yake, bila malipo ya ziada.

Nyumbani alimgeukia mumewe. "Baba watoto, niliangalia kweli?"

"Uliangalia."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi dereva. Hiyo karakana hata choo chake sikijui!"

Wifi yake akadakia, "Mbona vyombo haoshi mara mbili?"

Mama yake alimhimiza asali. Akasali, kisha akaanza kuzirudia na sala zenyewe, akihofia ameruka neno.

Mwishowe mumewe akampeleka hospitalini. Ni mshauri wa huko, mwanamke asiyepamba maneno, aliyeuita ugonjwa ugonjwa. "Dada, mawazo mabaya humjia kila mtu. Wewe yanakung'ang'ania, nawe unayatuliza kwa kuangalia tena. Kila ukiyatuliza, unayalisha. Sumaku ipite mara moja, kisha kaa na hofu mpaka ichoke yenyewe. Na wewe shemeji, akikuuliza, usimjibu."

Nguo ya kwanza aliipitishia sumaku mara moja, akaikunja. Hofu ikapanda, ikakaa, kisha ikashuka pole pole. Kwa dawa na mazoezi hayo ya kila siku, miezi ilivyopita vidole vikapona. Akaanza kutoka kazini pamoja na wenzake.

"Siku hizi umekuwa mzembe," mwenye karakana akamwambia.

"Nguo gani imerudi, bosi?"

"Haijarudi. Lakini zamani ulikuwa na uchungu na kazi."

"Nilikuwa naumwa."

"Basi ugonjwa wenyewe ulikuwa na faida! Rudia kuangalia kama zamani, au niachie cherehani yangu."

Alijua kwamba mara ya pili ingezaa ya tatu, na ya tatu ingemrudisha shimoni. Akaiweka sumaku mezani.

Mlangoni wazo likamvamia: ile fulana ya njano, uliiangalia? Mkono ukamwasha. Hakugeuka. Nyuma yake alimsikia bosi akimkabidhi fundi mgeni ile sumaku.

"Kucha umezitafuna hivi? Una wasiwasi, eh? Vizuri. Watu kama wewe ndio ninaowataka."