Nilivyompeleka Mama Nidal kuziona nguzo za kwao, ndani ya Brussels

Wakuu, habari za wakati huu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, nachangia mara moja moja halafu napotea. Leo nina la kwangu. Wanaotafuta chai za kutunga wapite tu, hili limetokea mbele ya macho yangu na wahusika wenyewe bado naonana nao.

Niko Ubelgiji, Brussels, mtaa unaitwa Jette. Umri ni arobaini na kitu, elimu form four, kazi yangu usafi kwenye hospitali kubwa. Kabla ya hapa nimeishi Durban, nikaishi Piraeus kule Ugiriki, nikaishi Marseille. Kutulia sijawahi kuweza. Siku ya off ndani sikai, natembea tu, napanda treni nashuka popote.

Kazini nina rafiki Msyria, Nidal. Yeye anasukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Tunaongea Kifaransa cha kuungaunga, lakini tunaelewana kuliko wengi wanaokijua.

Majira ya baridi akafanikiwa kumleta mama yake. Mjane, mtu mzima sana, nyumba yake kijijini ilibomoka wakati wa vita. Wenzake wanamwita Umm Nidal, yaani Mama Nidal, kama sisi tu tunavyowaita wazazi. Basi nami nikawa namwita Mama Nidal kwa Kiswahili, na anaitika.

Sasa shida ikaanza.

Mama hatoki nje. Chakula hali. Vijiko viwili vya supu, anasukuma sahani. Anakaa dirishani anaangalia reli, na kila siku maneno ni yale yale: nikatie tiketi, nirudi kwangu.

Nidal anamuuliza, kwako wapi, Mama, nyumba imelala chini.

"Nitakaa juu ya mawe yake."

Tulijaribu kila kitu. Msikiti, soko, akina mama wa Kisyria wa mtaa wa pili waje wanywe naye kahawa. Wakija anageukia ukuta. Na sisi na ujanja wetu tukawa tunamwambia azoee, maisha ni popote, yaliyopita ayasahau.

Daktari alishasema akiendelea hivi hafiki mbali. Siku moja tumekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Nidal akaniambia, "Akibaki atakufa kwa kutokula. Akirudi kule peke yake, nitakuja kumzika kwa video call."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa kwenye matembezi yangu upande wa Schuman, kule kwenye ofisi za wakubwa wa Ulaya. Mvua ikanikuta kwenye bustani yenye lile tao kubwa. Nikakimbilia jumba la makumbusho lililo pembeni, sababu ni mvua tu, si kupenda historia.

Nazunguka zunguka, nikaingia kwenye ukumbi mmoja nikasimama.

Wakuu, mle ndani kuna barabara. Nguzo ndefu zinakwenda juu mpaka unakunja shingo, michirizi yake imejisokota kama kamba, na juu yake mawe yamelazwa kama kenchi la paa. Kibao kinasema ni mji wa Apamea, Syria. Waliujenga Wagiriki, Warumi wakaja kuuendeleza. Jinsi nilivyoelewa, Wabelgiji walikwenda kuchimba huko zamani, wakaruhusiwa na waliokuwa wanatawala enzi hizo, wakaja na sehemu yake huku. Baadhi ni mawe yenyewe na baadhi ni ya kuigizia, usiniulize ipi ni ipi.

Mimi mtoto wa Kilwa, magofu nimekua nayo, mbuzi wa babu walikuwa wanalala humo. Lakini gofu lililohamishwa na kuwekwa chini ya bati sikuwahi kuliona.

Nikapiga picha nikamrushia Nidal. Ilikuwa utani tu, oyaa vitu vya kwenu hivi.

Akapiga simu hapo hapo. "Uko wapi? Hapo ni kwetu. Kijiji chetu kipo pale juu, hizo nguzo ziko chini yake."

Jumamosi tukampeleka Mama. Msifikiri alikuja kwa hamu. Nidal alipomwambia nguzo za kwao ziko Brussels, alisema mwanawe amekuwa mwongo siku hizi. Alikubali kuvaa viatu ili aje kumuumbua.

Tumeingia ukumbini. Nidal ameshika simu tayari kurekodi, maana wote tulijua mama atalia. Mimi mwenyewe nilikuwa na kitambaa mfukoni.

Mama akaenda mpaka nguzo ya kwanza. Akaweka kiganja. Akainua macho polepole mpaka juu kabisa. Halafu akageuka.

Hakulia. Alifoka.

Kiarabu kilichotoka pale sikijui, lakini nilijua si dua. Sauti imejaa ukumbi mzima, wazungu wanageuka. Nidal amekuwa mweupe.

"Anasema nini?"

"Anauliza ni nani amezibeba. Anasema baba yake alimchapa fimbo kwa sababu alikwaruza jina lake kwenye nguzo moja akichunga kondoo. Jina tu. Hawa wamebeba nguzo nzima na hakuna aliyewachapa."

Mara mlinzi wa jumba anakuja, baba mmoja mweusi wa makamo, suti na redio kiunoni. Mimi nikajisemea kwa sauti ndogo, "Haya, tumekwisha."

Mlinzi akasimama. "Weye unasema Swahili? Uko wa wapi?"

"Tanzania, papa."

"Miye wa Likasi, mu Congo." Akanipa mkono kabisa, halafu akamwangalia mama. "Bon, huyu maman iko na nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akajikuna kidevu. "Umuambie, haiko miye nilibeba."

Basi tukawa mnyororo. Huyu papa mlinzi anasema Kiswahili chake cha Katanga, vitu anaviita bintu na watoto batoto, mimi nageuza Kifaransa, Nidal anageuza Kiarabu. Jibu linarudi njia ile ile.

Mama: "Najua si wewe. Lakini ni wewe unayezilinda."

"Ni kweli. Umuambie ata siye, bintu byetu biko mu ma-musée ya huku. Alors miye niko hapa nachunga bya bengine."

Maneno yakamfikia mama. Akamwangalia huyu baba toka kiatu mpaka kichwa, kama mama mkwe.

"Unazichunga vizuri?"

"Batoto banapenda kupanda ile jiwe ya chini. Nabafukuza."

"Na hili vumbi?"

Papa akageuka kuangalia, na kweli vumbi lilikuwepo. "Njo ya ba-nettoyage, haiko yangu," akasema, halafu akanitazama mimi, hajui kwamba ni mtu wa usafi. Nikaangalia dari.

Mama akaridhika kidogo. Akakaa chini kabisa mguuni mwa nguzo, kwenye sakafu, akafungua mkoba, akatoa mkate na zeituni alizofunga kwenye kitambaa.

"Ah non," mlinzi akaniambia, "umuambie hapa habakulake."

Hiyo ya kwamba hapa hawali sikuigeuza. Nidal naye hakuuliza. Alikuwa anamwangalia mama yake anavyomega mkate, akatafuna, akamega tena. Miezi yote ile hakuwahi kumwona akila bila kubembelezwa.

Nikamvuta papa pembeni nikamweleza hali yenyewe. Supu, dirisha, tiketi.

Akamtazama mama anavyotafuna. Kisha akasema, "Miye naenda kuangalia kule nyuma. Natembea polepole, magoti inaniuma." Akaondoka na magoti mazima kabisa. Mama akamwita, Nidal akakimbilia kutafsiri, kumbe mama anamkatia na yeye kipande. Mlinzi akakipokea na kukitia mfukoni.

Kwenye treni ya kurudi Jette mama aliongea njia nzima. Alisema bibi harusi wa kijiji chao lazima apitishwe kwenye zile nguzo na ngoma. Alitaja jina la kondoo mmoja aliyekuwa mkorofi. Nidal anasema mengine hata yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Nikadhani hadithi imeishia hapo. Bado.

Wiki iliyofuata niko kazini, Nidal ananijia mbio. Jirani amempigia, mlango wa nyumba uko wazi na mama hayupo. Simu yake inaita tu. Mama huyo hajui Kifaransa, hajui herufi zao, hajawahi kutoka peke yake. Nidal akili yake yote ilikwenda airport, anaamini ameondoka zake.

Mimi nikamwambia, twende Schuman kwanza.

Sijawahi kuona treni ikienda taratibu vile. Nidal anabonyeza simu tu.

Tumeingia ukumbini tunahema. Mama Nidal amekaa kwenye kiti cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe amesimama.

"Tangu asubuyi iko hapa," papa akaniambia kwa kunong'ona. "Batalii baliegama ku nguzo, alibagombeza bote. Miye sina kazi tena."

Alifikaje? Alikuwa na ile picha ya nguzo, Nidal alishamrushia kwenye simu yake. Aliionyesha watu kituoni, mtu akampandisha, mwingine akamshusha, mwingine akampeleka mpaka mlangoni.

Nidal akapiga magoti mbele yake, anaongea haraka haraka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza jambo moja. Nidal akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Amesema nini?"

"Ananiuliza kwa nini siko kazini. Anasema turudi, akimaliza atakuja nyumbani mwenyewe."

Na alikuja mwenyewe. Jioni akapika wali na maharage ya kijani, akamgombeza Nidal kwa kununua mafuta mabaya. Habari ya tiketi hajaitaja tena. Anasema atarudi kwao kukiwa na mtu wa kumwachia nguzo hizi za huku.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Tulipoteza miezi tukimwambia mama wa watu asahau, tukiona ndiyo huruma. Mtu anayeumia kwa ajili ya kwao usimnyang'anye kwao. Mtafutie hata kipande chake, umpe nafasi ya kukigombania. Nasema haya mimi niliyehama bandari baada ya bandari nikidhani inayofuata ndiyo itanisahaulisha.

Mliowaleta wazazi ughaibuni, au mnaofikiria kuwaleta, wenu walianza lini kula vizuri, na ni nini kiliwaamsha? Semeni bila aibu, kuna mtu humu leo hii ana mzazi amekaa dirishani.