Chapa Iliyogeuza Shamba la Mama

Kaka yangu hajui kuchora mtu aliyetulia. Katika picha zake za kazi za shamba, anayelima anaipiga ardhi, anayepura wimbi anapura kana kwamba wimbi limemtukana, na wachuma chai wana vidole vya kunyonga. Huchonga kwenye kibao kwa patasi, hupaka wino mweusi, kisha hulaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Wageni husema picha hizo zina amani ya kijijini. Sijui huwa wanatazama nini. Mimi nimekulia kwenye kilima hicho karibu na Nyamache na palizi naijua: unakata, unang'oa, unaua, na jioni huwezi hata kushika kikombe kwa malengelenge.

Alikuwa na picha moja kwa kila msimu. Ile ya palizi aliichonga akiwa amesimama barabarani, juu ya shamba, akitazama chini kwenye kijito. Kutoka hapo, chai ya mama iko kushoto. Kulia ni mahindi ya baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu. Katikati kuna mparachichi mkubwa, na huo ndio mpaka.

Sasa, chapa ina tabia yake. Kilichochongwa kushoto hutokea kulia kwenye karatasi. Wachongaji wengine hugeuza mchoro kwanza ndipo wachonge, lakini kaka yangu ni mvivu wa mambo hayo. Husema mtu ni mtu hata akilima kwa mkono wa kushoto. Picha zilipotundikwa kwenye ukumbi wa kanisa, Sabato ya shukrani, akina mama wa egesangio, kile kikundi chetu cha kupaliliana kwa zamu, walijiona wamekuwa mashoto wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba mdogo hakucheka. Alisimama mbele ya ile ya palizi, akatoa simu, akaipiga picha.

Tangu baba afe, mtu huyo alikuwa akiimezea mate chai yetu. Kila msimu wa kupanda, mtaro wake ulisogea kidogo kuelekea kwetu, na kila msimu mama alinyamaza. Tamaa mbele, mauti nyuma, nilimwambia mama. Akanijibu kwamba methali hazipalilii shamba.

Wiki hiyohiyo baba mdogo alikuja asubuhi na wanawe wawili wakubwa, panga mkononi. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimetoka Sironga, nilikoolewa, kuja kumsaidia mama kuchuma. Mvua ilikuwa imeifanya chai itoe majani kwa fujo. Akina mama wa egesangio walikuwa ng'ambo ya mparachichi, wakipalilia mahindi ya baba mdogo mwenyewe, maana ilikuwa zamu yake.

"Tazameni," alisema, simu juu. "Ukisimama barabarani, kushoto ni mahindi, na aliyeinama humo ni mimi; basi upande huu wenye chai ni wangu. Sikuchora mimi. Amechora mtoto wa marehemu, na baba yake ndiye aliyemwonyesha mpaka."

"Shemeji," mama alisema, "chai hii niliipanda na ndugu yako. Wewe ulikuwa ukija kula ugali wetu wa wimbi na kwenda zako."

"Ndugu yangu amekufa. Rudi kwenu Suneka."

Wanawe wakaanza kukata. Mchai mzee haukatiki kwa pigo moja; wanaupiga, unatikisika, wanaupiga tena mpaka shina linapasuka na kubaki jeupe. Mama aliingia katikati ya mistari, akaukumbatia mmoja. Wakaurukia wa pili, kisha wa tatu, vipande vikimpiga usoni.

Kaka yangu alitoka nyumbani mbio, kibao cha palizi mikononi. "Chapa hugeuza!" alipiga kelele. "Tazameni kibao! Chai iko kushoto! Ni karatasi iliyogeuza!" Alimsogezea kibao yule mkubwa wa wale ndugu, karibu na uso kabisa, maskini, akidhani mwenye panga ana nafasi ya kujifunza uchongaji. Panga likashuka. Kibao kilipasuka na makali yakaendelea mpaka kwenye kiganja. Niliuona mfupa.

Basi nikachukua jembe. Baba mdogo alinyoosha mkono kujikinga na mpini ukaukuta mkono huo. Mkono ulivunjika kama bua la muhindi. Nikampiga tena begani, akaanguka kwenye vipande vya chai. Nilitaka kumuua. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi; nililigeuza jembe ili makali yatangulie, na hadi leo simwombi mtu msamaha.

Mama ndiye aliyejitupa juu yake.

"Toka, mama!"

"Nipige mimi kwanza." Alikuwa akihema. "Wewe umeolewa. Nikifa utalia, kisha utarudi Sironga. Kwetu hapa, kaburi la mjane huonyeshwa na ndugu wa mumewe. Huyu ndiye pekee aliyebaki. Ukimuua, nitazikwa wapi?"

Akina mama wa egesangio walikuwa wameshavuka mpaka, majembe mabegani, wakisimama kutuzunguka. Mama akainuka kidogo, akamtazama shemeji yake aliyekuwa chini yake.

"Na wewe sema. Wanao wakusikie, na hawa wakusikie. Unanizika wapi?"

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwanamke aliyefukuzwa huzikwa kwao. Aliyeonyeshwa kaburi ni wa ardhi hii, yeye na alichopanda, na neno hilo likisemwa mbele ya watu halirudi kinywani. Baba mdogo aliwatazama wanawe, kisha wale wanawake. Nililishika jembe palepale nilipokuwa. Angesema Suneka, sijui kama hata mama angenizuia.

Aliinua mkono uliobaki mzima, akaonyesha nyumba yetu, kando yake, alikolala baba.

"Kwa sauti," mama alisema.

"Kando ya ndugu yangu." Alikuwa akilia, kwa maumivu au kwa aibu, sikujali. "Wewe ni wa hapa. Nyinyi, wekeni mapanga chini. Acheni chai ya mama yenu."

Wakayaweka. Mama alisimama, akajipangusa udongo magotini, akaivua leso yake na kuichana kwa meno. Kaka yangu alimwendea akiwa ameushika mkono wake wa kuchongea, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mama akampita. Alipiga magoti tena kando ya baba mdogo, akaufunga ule mkono uliovunjika, polepole, kwa uangalifu, huku mwanawe amesimama nyuma yake akingoja kitambaa kitakachobaki.